Heroe Aliyengoja Kukaribishwa Mara ya Tatu

Hadithi yaja!
— Na ije!
Yaja na mvua?
— Na itulowanishe!

Basi sogeeni motoni. Wewe mwenye mahindi, tafuna polepole, meno yako yanapiga kelele kunishinda.

Hapo kale palikuwa na Bi Kidawa, heroe, ndege wa ziwani mwenye miguu mirefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Kila baridi ya Ulaya ilipomfukuza mbayuwayu, Kidawa alimlaza chini ya ubawa wake. Mara tatu mbayuwayu alikuja, mara tatu alilala, mara tatu aliaga:

"Shoga, njoo kwetu Ireland! Mji wa Balinakeli, ziwa kama kioo, ngome ya wafalme wa zamani! Mnarani nina chumba kikavu. Chako!"

Mwaka wa nne ziwa la Kidawa likakauka, naye ana yai tumboni. Akaruka, akaruka, akaruka, hata Balinakeli.

Mji mzuri, jamani! Daraja la mawe, nyumba za rangi rangi, ngome imevaa majani. Na mvua. Mvua ya asubuhi, mvua ya jioni, na nyingine ya kuzipokea zamu hizo mbili.

Ukingoni alimkuta batamaji mweupe, shingo juu.

"Bibi mgeni, adabu ya huku waijua? Ukikaribishwa mara ya kwanza, kataa. Ya pili, kataa. Ya tatu ndiyo ya kweli, ingia. Anayeingia kwa ya kwanza hasameheki."

"Ahsante, baba. Mimi nimelelewa."

Akafika mnarani, analowa, yai linamsukuma.

"Shoga! Karibu ndani!"

"Aa, hapa hapa panatosha."

"Karibu bwana, chumba ki wazi."

"Usijisumbue, mwenzangu."

Kidawa akajipangusa miguu, tayari kwa ya tatu.

Mbayuwayu, mzaliwa wa pale, aliyeijua hesabu hiyo kabla hajaota manyoya, akamtazama. Akakitazama chumba chake kikavu. Akafumba mdomo.

Kidawa akangoja. Akangoja. Akangoja.

Yai likatoka juu ya jiwe. Akalilalia siku tatu, likapoa naye yuko juu yake.

Ndipo mbayuwayu akachungulia. "Masikini shoga'angu! Si ungesema tu?"

Chini, watalii walikuwa wakimpiga picha Kidawa, alivyopendeza.

Funzo? Yupo atakayekufungia mlango kwa adabu tupu, na neno baya usilisikie.

Hadithi imekoma. Ikiwa chungu, shubiri kaitia mbayuwayu. Mimi mkinikaribisha uji, nimeshakubali.