Kiroba Kizito cha Nyati

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na nyua zao, kijiji kizima kilikuwa na kisima kimoja na sheria moja ya taka. Maganda na makombo kiroba chao. Chupa na makopo kiroba chao. Kila Ijumaa Bi Korongo, mkaguzi, alipita nyumba kwa nyumba. Mwenye viroba safi kuliko wote aliteka maji wa kwanza wiki nzima. Aliyechanganya aliteka wa mwisho, kisima kikiwa kimebaki tope.

Nguchiro, mdogo yule mwenye mkia mrefu, alishinda kila mara. Jirani yake Nyati alikuwa na pembe na nguvu, lakini roho ilimuuma kwa wivu. Akimwona mke wa Nguchiro na ndoo ya maji safi, anageukia ukuta.

Ijumaa moja Nguchiro akiwa shambani, Nyati aliingia uani kwake akamwaga mapapai yaliyooza ndani ya kiroba cha chupa. Pwaa! Bi Korongo hakutaka maelezo. Wiki nzima watoto wa Nguchiro walikunywa tope, na kitindamimba akaharisha.

Nguchiro aliziona alama za kwato. Hakugomba. Alhamisi iliyofuata alisimama karibu na ua wa Nyati, akamwambia mkewe kwa sauti:

"Siri hii usimwambie mtu. Bi Korongo macho yamechoka, siku hizi anainua tu. Kiroba cha chupa kikiwa kizito, umeshinda. Tutajaza maganda chini, chupa juu."

"Na Nyati akijua?"

"Hata akijua, hawezi kufikia uzito wetu."

Nyati, nyuma ya ua wake, alisikia kila neno. Jioni nzima alishindilia maganda, ukoko wa ugali na mapapai, akafunika kwa chupa mbili tatu.

Asubuhi Bi Korongo alipofika, Nyati akasukuma majirani waliotoka na viroba vyao. "Anza na changu, Bi Korongo. Cha huyu mfupi ni chepesi."

Bi Korongo akakiinua kwa mdomo. Kiroba kikapasuka, chwaaa, miguuni mwake, na nzi wakajaa. Akafungua cha Nguchiro: chupa tupu zilizooshwa.

"Mbona chake hakina maganda?" Nyati akauliza.

Kijiji kizima kikamtazama. Bi Korongo akapangusa miguu yake kwenye manyoya ya Nyati, akamwambia atateka wa mwisho. Siku hiyo watoto wa Nguchiro walikunywa maji safi mpaka matumbo yakajaa.

Basi wanangu, ukimwonea mwenzako wivu, utaiga hata uongo wake.