Tairi Limekaa Vizuri

Leo nimewaletea tairi la pikipiki. Msicheke. Na akina mama mnaosema hayo ni mambo ya wanaume, subirini kwanza, maana mwenye akili katika habari hii ni mama.

Kulikuwa na baba mmoja, mtu wa heshima zake, hodari wa shamba, asiyependa kurudia neno. Huu ulikuwa mwaka wa pili hasemi na mwanawe wa kwanza. Siku moja alimwita kijana yule mzigo mbele ya wageni, kijana naye akamjibu palepale, mbele ya wageni walewale, kisha akabeba begi akaondoka. Baba akasema, "Siku atakayoomba radhi, mlango uko wazi." Ukawa wazi hivyo, na hakuna aliyepita.

Basi asubuhi moja, siku ya mnada, dada yake yule baba akapiga simu. "Kaka, mwanao anapita stendi saa nane na basi la Mtwara. Amepata kazi huko, mkataba wa miaka mitatu. Anaomba akuone kabla hajaenda."

Baba akavaa shati lake la ibada, akatoa pikipiki. Kumbe gurudumu la nyuma liko chini, limechomwa na msumari. Na siku ya mnada mnaijua: bodaboda zote zimeondoka na watu, fundi wa pancha naye yuko hukohuko anakula nyama choma. Ikabidi avue shati, afungue gurudumu mwenyewe pale uani. Akabandua tairi, akatoa tyubu, akaweka kiraka, akairudisha ndani. Mpaka hapo vizuri.

Wanaoijua kazi hii wanajua taabu iko wapi. Tairi linarudi kwenye rimu bila ubishi, robo tatu yote, halafu kile kipande cha mwisho, kama shibri moja hivi, kinakataa. Baba akachomeka chuma, akavuta. Kikakataa. Akaongeza bisibisi, akakanyaga, akavuta kwa hasira. Kikaingia! Akajaza upepo, ukatoka wote. Akafungua upya.

Mke wake alikuwa anapeta maharage karibu yake. Mama huyu ni binti wa fundi baiskeli, lakini nani amemuuliza? Akaja, akaishika ile tyubu.

"Tundu hili la msumari," akasema. "Na hili?"

"Hilo la bisibisi."

"Kwa hiyo lako."

Baba akaweka kiraka cha pili, akarudisha tyubu, akaanza kuvuta tena palepale. Saa saba ilikuwa inakaribia.

"Baba Ambokile, acha kuvuta hapo. Hapo pamekaza kwa sababu huku upande wa pili tairi limepanda. Likishuka huku, huko patalegea penyewe."

Mmesikia alivyoitwa? Kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake linafunikwa na la mtoto. Huyu bwana kila siku alikuwa anaitika jina la kijana asiyesema naye. Jambo hilo huniuma kila nikilifikiria.

Yule mama akapiga magoti juu ya tairi, upande wa pili, akalikandamiza mpaka likashuka kwenye bonde lile la katikati ya rimu. "Sasa sukuma kwa mikono tu." Baba akasukuma kwa viganja. Likaingia, bila chuma. Mwenyewe akacheka. "Kumbe miaka yote hii nahangaika na upande usiohusika!"

Akajaza upepo, akafunga nati, akavaa shati, akaondoka mbio. Alifika stendi injini ya basi inaunguruma. Kijana alipomwona akaruka chini, akaja akasimama mbele yake, kichwa kimeinama.

"Shikamoo, baba."

Wapendwa, hapo jibu ni lipi? Ni neno moja tu, hata mtoto wa chekechea analijua.

Baba akasema, "Kwanza lile la siku ile. Umelifikiria?"

Kijana akamtazama mikono, ilivyokuwa myeusi kwa grisi. "Nilidhani umekuja kuniaga," akasema. Kondakta akagonga bodi ya basi. Kijana akapanda.

Baba aliporudi, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Ameondoka."

Mama akaitazama pikipiki. "Na tairi?"

"Tairi limekaa vizuri."

Ndugu zangu, mtu huyu alifundishwa uani kwake, kwa viganja vyake mwenyewe, akacheka kwa kuelewa, na somo likaishia kwenye tairi. Mtasema alikuwa na haki. Alikuwa nayo, sibishani. Mtoto hamjibu mzazi mbele za watu. Lakini ni nani aliyeanza kumwita mwenzake mzigo? Sisi nasi ndivyo tulivyo. Tunavuta palepale panapokaza: aombe radhi yeye, ajishushe yeye, aje yeye. Tukiona hajalegea tunaongeza bisibisi, tunatoboa tundu jingine, halafu tunamlaumu msumari. Upande wetu uliopanda, nani anaushusha?

Humu ndani leo yumo mtu aliyesalimiwa na mwanawe, au na mkwewe, au na mdogo wake, na hajaitikia mpaka sasa. Mimi sikujui, wewe unajijua. Sitakuita mbele, na maombi tutafanya jioni. Tukitoka hapa, simama pale nje, piga simu. Akipokea, usianze na siku ile. Sema marahaba, kisha nyamaza umsikilize.