Gari la Bibi Harusi na Kiti Kimoja

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, wala hata simu hazikuwa ngeni, palikuwa na mshona nguo wa Korogwe aitwaye Mbelwa. Alikuwa na gari kuukuu, rangi imebanduka huku na huku. Dada yake, Tunu, alikuwa aolewe Jumapili, na gari hilo ndilo lingempeleka kwa mume, Muheza.

Mjumbe wa upande wa bwana harusi alipoliona alicheka.

"Hili gari, au muhogo uliomenywa nusu?"

Tunu akaingia ndani akalia. "Kaka, heri niende kwa miguu."

Mbelwa akasema, "Dada, nitalipaka rangi mwenyewe, hapa hapa uwanjani." Na huyo hakuwa amewahi kupaka hata kigoda!

Akanunua rangi ya samawati, akaazima pampu ya kupulizia kwa fundi wa vitanda. Muuza rangi akamwonya: "Rangi ina maadui wawili, mafuta na vumbi. Na usipopiga msasa vizuri, hata hao maadui hawatahitajika."

Basi msasa akaupiga Mwantumu, mke wa Mbelwa, maana mume alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Alisugua siku nne, mtoto mgongoni. Mtoto akilia, anakaa kwenye kivuli cha gari, ananyonyesha, anainuka, anasugua. Vidole vikachubuka hata kumenya kitunguu ikawa kazi.

Ijumaa alfajiri, upepo haujaamka, Mbelwa akapuliza rangi. Gari likang'aa. Akaingia ndani kunywa chai.

Sasa, nyumbani humo alikuwamo Bibi Sikudhani, aliyewalea Mbelwa na Tunu tangu wakiwa wadogo. Bibi huyo hakuwahi kuacha jua limkute uwanja haujafagiwa, seuze nyumba yenye harusi! Akashika ufagio wake kama kila siku. Fya, fya, fya, mpaka kwenye magurudumu.

Mbelwa alipotoka, gari lilikuwa linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe.

"Mwantumu! Msasa gani huu uliopiga?"

Mwantumu alikunja kanga, akaokota kipande cha msasa, akaanza upya. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Bibi Sikudhani angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini alikuja na ufagio mkononi.

"Usimseme mke wako, Mbelwa. Vumbi hilo ni langu. Nimefagia."

"Bibi! Siku zote hizi nasema vumbi, vumbi!"

"Umesema. Mkono umezoea, mwanangu, hauna masikio."

Mbelwa akamgeukia mkewe. "Nisamehe, mama watoto." Wakasugua wote watatu mpaka giza likaingia.

Jumamosi hakuna aliyefagia. Bibi alimwaga maji uwanja mzima, kisha akaketi juu ya ufagio wake mkono usije ukajisahau. Wageni wakaanza kufika, wakayaona maganda na majani yaliyolowa.

"Nyumba ya harusi ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," Bibi akajibu. "Ufagio wetu umetangulia Muheza." Lakini uso alikuwa ameuinamisha, maana katika maisha yake aibu hiyo hakuwahi kuionja.

Mbelwa akashika pampu. Kumbe upepo ulikuwa unatoka kwa jirani, Mama Riziki, anayekaanga vitumbua, na Jumamosi ni siku ya gulio. Moshi wa mafuta ukaanza kuja. Mbelwa akasimama, hajui amwambieje mtu aache riziki yake.

Hakuhitaji kumwambia. Mama Riziki alichungulia uani, akaona gari, akaona moshi, akachota maji akauzima moto. Puu!

"Shoga, na unga wako?" Mwantumu akaita.

"Ukichacha nitaloweka mchele mwingine. Tunu ataolewa mara ngapi?"

Rangi ikakaa. Mlangoni tu ilichuruzika kidogo, kwa mkono wa asiyezoea, ila mpaka uinamishe kichwa ndipo uone. Tunu alilizunguka gari mara tatu, akacheka kwa sauti. Wote wakashusha pumzi kama watu waliotua mizigo.

Jumapili yule mjumbe akarudi. Akalitazama gari mbele na nyuma. Mwisho akauliza, "Fundi wenu anapatikana wapi?" Vigelegele vikamjibu.

Wakapanda. Mbelwa kwenye usukani, Tunu nyuma, somo wake, yule mama aliyemfunda, kulia kwake, na mbele mjumbe. Kikabaki kiti kimoja tu, kushoto kwa bibi harusi.

Mwantumu akasema, "Mimi nimelisugua mara mbili. Bila msasa, rangi ingeshika wapi?"

Mama Riziki akasema, "Mimi si ndugu, na nimeacha gulio bila kuombwa. Mafuta yangu yangeingia, mngekuwa mnasugua hadi leo."

Bibi Sikudhani akasema, "Mimi nililiharibu, kweli. Lakini nisingesema, kosa lingerudiwa, na mke wa watu angebeba lawama isiyo yake. Na uwanja mchafu nimeukalia mbele ya wageni."

Gari linanguruma. Tunu ameushika mlango, anawatazama wote watatu, na wote watatu anawapenda.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msaidieni Tunu. Je, nani alistahili kiti kile?