Makapu ya Mwamvita

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye miguu mirefu aikunje. Nikisema kulikuwa, nanyi itikieni kukawa. Kulikuwa! Vizuri. Sasa nyamazeni.

Kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, kulikuwa na mji huku milimani ukiitwa Kwemhunda. Katika mji huo alikaa mwanamke mmoja mjane, jina lake Mwamvita, kazi yake kushona. Msifikiri cherehani, cherehani hazikuwepo. Alishona kwa mkono, sindano moja, uzi mmoja, mchana wote. Nguo zilitoka pwani vichwani mwa wapagazi, zikapanda mlima siku nyingi: merikani nyeupe, kaniki nyeusi, bafta laini, na mara mojamoja kisutu chekundu. Mtu akipata kitambaa alikipeleka kwa Mwamvita akatiwe vazi. Na desturi ya mji ilikuwa hivi: kinachobaki kwenye kukata ni cha mshonaji.

Mwamvita hakutupa kitu. Kipande cha kiganja aliweka, kipande cha kidole aliweka. Akaweka mwaka, akaweka miaka, akaweka hata ikatimia miaka thelathini, na vitambaa vikajaza makapu matatu yenye vifuniko. Alikusudia kushona mfarishi, ile nguo nzito ya kujifunika, viraka juu, viraka chini, sufi katikati. Kila ulipoingia msimu wa baridi alivimwaga mkekani, akavipanga rangi kwa rangi, akavitazama. Hiki ni cha arusi ya fulani. Hiki ni cha kanzu ya marehemu fulani. Halafu akavipangua, akavirudisha kapuni, akasema mwakani.

Mfarishi huo aliushona? Hakuushona.

Chini kabisa ya kapu la tatu kulikuwa na masalio ya kisutu. Alikuwa na binti mmoja tu, Zuhura, na kisutu kile kilikatwa kiwe nguo ya arusi yake. Ndui ikaja kabla ya arusi, Zuhura akafa. Watu wakachoma vyote alivyovigusa, na nguo ile ikachomwa navyo, kama ilivyofanywa wakati wa ndui. Masalio hayakuchomwa, kwa kuwa yalikuwa kapuni na Zuhura hakuwahi kuyagusa. Basi hayo ndiyo yaliyobaki.

Mwaka mmoja masika yakakataa kukatika. Mvua ikanyesha, ikanyesha, mpaka upande mmoja wa mlima ukaachia, ukateremka, ukafunika kitongoji cha Bondeni chote, nyumba na mashamba. Watu walipona kwa sababu walikuwa wamepanda Kwemhunda kwenye arusi. Walibaki na nguo walizovaa. Wakawekwa kwenye banda la mikutano la mji, nyumba saba pamoja, na baridi ikaingia na ukungu wake. Watoto wakaanza kukohoa.

Siku ya tatu akaja kwa Mwamvita wifi yake, Makungu, dada wa marehemu mumewe. Alikaa, akajuliwa hali, akajulia hali, akaeleza habari za banda. Mwisho akasema, "Wifi, nimekuja kuomba makapu."

Mwamvita akasema ataangalia.

Akaangalia siku nzima. Akaweka mkeka, upande huu vya kutoa, upande huu vya kubaki. Akachukua bafta, akaiweka kwenye kutoa, akakumbuka ilitoka kwa nani, akaihamishia kwenye kubaki. Akachukua merikani, akaiweka kwenye kutoa, akaona bado ni nzima mno, akaihamisha. Akatoa, akahamisha. Akatoa, akahamisha. Ilipofika alasiri, vya kubaki vilikuwa mlima, na vya kutoa vilikuwa vipande vya kaniki vyembamba kama ulimi wa mbuzi. Wewe unacheka. Siku yako itafika ya kugawa vitu vyako, tutakuona.

Akafunga vile vyembamba, akavipeleka bandani. Akampa mwanamke wa kwanza aliyemkuta, mama kijana akiitwa Siwema, mwenye mtoto mchanga kifuani. Siwema akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaketi, akavitandaza mapajani, akajaribu kuunganisha hiki na hiki. Havikukutana. Akavigeuza, akajaribu tena. Mtoto alikuwa anakohoa.

Mwamvita alirudi nyumbani uso umemwiva. Alibeba kapu la kwanza akalishusha bandani, akarudi kuchukua la pili, akarudi kuchukua la tatu. Hakufungua kifuniko hata kimoja. Alijua akifungua hatabeba.

Wanawake wa Bondeni walianza kazi siku hiyohiyo. Makungu akawapa sufi. Walishona haraka, kwa nyuzi za katani, mishono mirefu kama ya gunia, nyeusi juu ya nyeupe, chenye maua juu ya kisicho na maua, bila mpango wowote. Mwamvita alipita mara moja, akatazama, akaondoka. Aliumia. Miaka thelathini alipanga rangi zile, na hawa waliziunga kama mtu anayeziba tundu la paa.

Siku ya nne akamkuta Siwema njiani akitoka mtoni na mtungi kichwani. Chini ya mtungi, pale inapokaa ngata, paliviringishwa kitambaa chekundu. Kilikuwa kisutu.

"Hicho cha kichwani mwako umekitoa wapi?"

Siwema akatua mtungi. Akaeleza kwamba kilikuwa kapuni, chini. Wamejaribu kukiunga kwenye mfarishi lakini kimeoza kwa kukaa, uzi ukipita kinachanika, ndipo akakifanya ngata.

"Ni cha marehemu mwanangu. Nipe."

Siwema akakikung'uta maji, akakikunja vizuri, akampa. "Ungetuambia, mama," akasema. "Tungekiweka pembeni."

Mwamvita akaenda nacho nyumbani. Jambo hilo lingeishia hapo, lakini Siwema aliporudi aliwasimulia wenzake. Wakaogopa. Wakasema, kumbe tumeazimwa. Kama amedai kimoja atadai vyote, na sisi ni wageni katika mji wa watu.

Kesho yake Mwamvita akapita bandani na kuwakuta wanawake wamekaa duara, wanafumua. Mfarishi wa watoto uko katikati, sufi imetoka nje, na kila mmoja ananyofoa viraka na kuvilundika kapuni, rangi kwa rangi, kama walivyosikia kwamba yeye hupenda. Mtoto wa Siwema amelazwa juu ya majani makavu, amefunikwa majani makavu.

Akasimama mlangoni. Kisha akasema, "Acheni kufumua."

Mikono ikasimama.

"Nilitoa vibaya," akasema. "Niliona aibu, nikabeba vyote bila kutazama, na kimoja nilikuwa bado sijakitoa moyoni. Hicho nimekichukua na sitakirudisha. Vingine ni vyenu. Mkitaka kushona shoneni, mkitaka kufungia mbuzi fungieni."

Kila mmoja alimtazama mwenzake. Kisha Siwema akasogea kidogo, akaacha nafasi mkekani, akasema, "Basi shika upande huu, mama. Huku sindano inatusumbua."

Mwamvita akakaa. Akaunga tena kile kilichofumuliwa, nyeusi juu ya nyeupe, kama walivyokuwa wameunga wao. Mara mbili mkono wake ulitaka kupanga rangi, mara mbili akauzuia. Kufikia mwisho wa juma mifarishi saba ilikuwa imekwisha.

Mtoto wa Siwema alipona. Wa jirani yake hakupona. Sitawadanganya ili kisa kiwe kitamu.

Kuna wanaosimulia kisa hiki na kusema: mnaona, toeni kila kitu. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema, kitu ambacho huwezi kukitoa, kiache nyumbani na utamke wazi kwamba hukitoi. Hutakuwa mtu mbaya. Lakini ukishakitoa, kimetoka. Usikifuate njiani kutazama kinafanywa nini.

Kisa changu nimekifikisha mlangoni. Anayetaka kuingia nacho ndani aingie. Anayetaka kukiacha nje akiache, kitapata mwingine.