Mafundo ya Nyasi Langoni kwa Mzee Tweve

Mfukuza mbwa asingoje mgeni. Ndivyo alivyosema Mwenyekiti Luvanda leo asubuhi alipomkuta Fanueli akimrushia mbwa wetu kiatu, nanyi nyote mkacheka. Kisha mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi, maana kwa akili zenu mbwa ndiye anayewafukuza wageni. Haya, kaeni. Endeleeni kuchambua mbegu za viazi, zilizooza ziwekeni huku na zilizochipua huku, nami nitawaeleza. Msemo wenyewe si wa kale kama mnavyodhani. Nilikuwapo siku uliposemwa mara ya kwanza, na sikucheka.

Nyamande ya wakati ule haikuwa na umeme wala simu za mfukoni. Nyumba zilikaa mbali na njia, kila moja ndani ya ua wake wa mianzi, na ukungu ulipotanda hukuweza kuiona nyumba ya mtu ukiwa langoni kwake. Kupayuka langoni kwa mzee ilikuwa utovu wa adabu. Ulisimama tu. Mbwa alibweka, mwenye nyumba akatoka huku akimkemea, akakwambia, "Karibu, huyu hana meno." Uongo mtupu, meno alikuwa nayo, lakini ndivyo tulivyokaribishana.

Mbwa asipobweka, ulijua mwenyeji hayupo, kwa sababu hakuna aliyekwenda shambani wala kuokota kuni bila mbwa wake. Hapo ulichuma nyasi, ukapiga fundo kwenye fito ya lango, ukaenda zako. Fundo lilimwambia mwenyeji kwamba mtu alifika na hakumkuta. Lakini kimya cha langoni kilikuwa na maana nyingine pia, na hiyo iliogopwa. Mzee mwenye kinyongo na wewe hakukutukana. Akisikia kwamba unakuja, alimwita mbwa wake wakaondoka nyumbani, ukafika ukakuta kimya. Ulielewa, ukarudi ulikotoka.

Sasa, Mzee Enoki Tweve alikuwa jirani yangu, ua wake na wangu vikitenganishwa na shamba moja la pareto. Mkewe, Mama Rahabu, alikuwa ameshafariki. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Yunisi, naye aliondoka na fundi wa magari aliyekuja kutengeneza lori la ushirika. Hakuaga, na hapakuwa na mshenga wala posa. Aliporudi baada ya miezi miwili kuomba radhi, baba yake alisimama langoni akamwambia, "Usikanyage tena ua huu mpaka mimi mwenyewe nikufungulie." Nilimsikia kwa masikio yangu. Ikapita miaka sita.

Mzee alibaki na mbwa. Mama Rahabu ndiye aliyemleta angali mtoto, akamwita Watasema, kwa sababu majirani walimsengenya kwamba anamnywesha mbwa maziwa. Tulisengenya kweli, hata mimi. Mbwa mwenyewe alikuwa na rangi ya majivu, sikio moja limesimama na jingine limelala, na wajukuu zangu, sijapata kuona mbwa msumbufu kama yule. Alifukua viazi vilivyopandwa jana. Alilala juu ya majamvi ya pareto, akiamka amebeba nusu ya maua kwenye manyoya. Aliiba mayai, tena hakuiba ya kwao, aliiba ya kwangu. Aliubwekea ukungu. Jumapili alimfuata mzee mpaka kanisani, wanakwaya wakianza kuimba naye anaanza, na mchungaji akawa anamtazama Mzee Tweve kana kwamba mzee ndiye aliyelia.

Mzee alimlalamikia mchana kutwa. "Watasema, umeniaibisha. Watasema, toa pua yako humo. Watasema, hivi wewe ulizaliwa au ulianguka tu?" Nilikuwa namsikia kutoka shambani kwangu nikicheka peke yangu. Nilichelewa kuelewa kwamba ukiyatoa malalamiko yale, mzee hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Kila akila alibakiza tonge la mwisho, akalitupa mlangoni, mbwa akalidaka hewani. Jioni mbwa alimlalia miguuni, na mzee alisema viroboto anavijua, lakini miguu yake inapata joto.

Ikafika barua. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo alikuja nayo kwangu nimsomee. Ilitoka kwa Yunisi. Aliandika kwamba amepata mtoto wa kike, amempa jina la Rahabu, la marehemu mama yake, na kwamba wiki ya kuvuna viazi atakuja kumwonesha baba yake mjukuu wake. "Nitasimama langoni, baba," aliandika. "Sitaingia mpaka utoke."

Mzee alinitaka niisome mara tatu. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya kofia yake, akavaa kofia, akaondoka. Nami sikumuuliza kama atamfungulia au hatamfungulia. Nilijiambia ni mambo ya baba na mwanawe.

Kumbe moyo wake ulikuwa umekwisha kulainika siku nyingi, alikuwa hajui tu pa kuanzia. Alipaka kuta chokaa. Alitandika majani mapya kitandani. Halafu akamtazama Watasema, na matope yake, na meno yake, na lile bweko lake la kuamsha wafu, akamwaza mtoto mchanga aliyebebwa kutoka mbali. Akaona mbwa yule atamtisha mtoto na kumharibia siku aliyoingoja miaka sita. Alfajiri, ukungu ukiwa mzito, alimfunga kamba akampeleka ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu siku, akamwachia mlinzi wa shule. Hakuna aliyemwona akienda, na hakuna aliyemwona akirudi peke yake.

Akakaa jikoni kungoja. Alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Hakutoka, asije mgeni akafika yeye hayupo. Maji aliyachota kijitoni, kwa njia ya nyuma. Siku ya kwanza alifurahia utulivu. Siku ya pili alibakiza tonge, akalitupa mlangoni, likaanguka chini likabaki pale. Alisema alilitazama kwa muda mrefu. Siku ya tatu alijikuta anasema kwa sauti, "Toa pua yako humo," na jikoni hamna mtu. Akajiuliza mbona hata majirani hawaji, mbona hata mimi, Zilipa, siji, akaamua kwamba kitongoji kizima kimemsusa.

Nami nilikwenda. Nilikwenda mara mbili! Siku ile ya kwanza nilibeba unga, nikijua ana ugeni. Nikasimama langoni, kimya. Nikapiga fundo langu nikarudi. Kesho yake nikaenda tena, kimya tena, na hapo moyo wangu ukaingia ubaya. Nikasema, mzee huyu amekimbia. Amemchukua mbwa wake ameondoka ili asimpokee binti yake. Nilimkasirikia sana.

Siku ya tatu mchana Yunisi alikuja kwangu. Alikuwa amelowa ukungu, mtoto mgongoni, na midomo yake ilikuwa ya bluu kwa baridi.

"Shikamoo, mama Zilipa."

"Marahaba, mwanangu. Umefika kwa baba?"

"Nimesimama langoni tangu asubuhi," alisema. "Mbwa habweki. Labda amekwenda shambani tu?"

Wajukuu zangu, hapa ndipo ninapopataka mpasikilize, maana nimepabeba miaka mingi. Ningeweza kumwambia, tungoje. Ningeweza kumwambia, twende wote, mimi sikukatazwa kuukanyaga ua ule, nitaingia nikagonge mlango. Sikusema hayo. Nilikuwa na hasira zangu na baba yake, nikamwambia nilichokijua: "Hata mimi nimefika jana na juzi. Kimya."

Hakulia. Alimsogeza mtoto mgongoni, akasema, "Basi amejibu." Nilimpa uji, akanywa nusu. Akaniomba ruhusa, akapita tena langoni kwa baba yake, kisha akateremka barabarani kupanda lori la viazi lililokuwa linaondoka.

Kesho yake ukungu ulifunguka kidogo. Mzee Tweve, akiwa amechoka kungoja, alitoka kufagia njia mpaka langoni. Nilimwona anakuja kwangu akikatiza katikati ya pareto, kichwa wazi, kofia ameishika mkononi. Hakunisalimu.

"Zilipa, langoni kwangu pana mafundo. Ni ya nani?"

"Mawili ya nyasi ni yangu, mzee. Nilifika sikukukuta."

"Nilikuwepo."

"Mbwa hakubweka."

Alifungua kiganja. Ndani palikuwa na kipande cha kanga, kimechanwa upindoni, chekundu chenye maua meupe. Nilikitambua. Ndiyo kanga Yunisi aliyombebea mtoto.

"Na hiki?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata maneno yangu mwenyewe. Akasikiliza huku anakikunjakunja kile kitambaa.

"Mbwa yuko wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Nimempeleka ng'ambo. Sikutaka amtishe mtoto." Akakaa chini, pale pale penye tope. "Nilikuwa ndani, Zilipa. Nimekaa jikoni siku tatu natega sikio, nawalaumu watu wote. Mfukuza mbwa asingoje mgeni."

Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Tuliteremka mbio mpaka barabarani. Tulikuta alama za matairi tu.

Mzee alikwenda ng'ambo siku ile ile. Walinisimulia kwamba Watasema alipomwona alimrukia akamwangusha, na mzee hakumkemea. Waliporudi, mbwa alinyoosha moja kwa moja mpaka kwenye kiota cha kuku wangu, na mara hiyo nilimwacha ale. Nikaandika barua aliyonitajia mzee neno kwa neno, nayo ilikuwa fupi: "Yunisi mwanangu, nilikuwepo. Mbwa ndiye hakuwepo. Njoo, nitakufungulia mwenyewe."

Jibu likaja baada ya miezi miwili. Yunisi alisema kwamba amefahamu, amelia, na atakuja mvua zikikatika, barabara ikipitika. Mzee akaiweka barua hiyo ndani ya kofia pamoja na ile ya kwanza. Tangu hapo, kila mbwa alipobweka alitoka, hata kama aliubwekea ukungu. Alikuja langoni, akafungua, akatazama njia, akafunga. Siku nyingine mara kumi. Watu walianza kupita kwake tena, mzee wa kanisa, watoto wa jirani, mimi, na wote aliwakaribisha vizuri, lakini alitutazama nyuma ya mabega kwanza.

Mwezi wa tano baridi ilimwingia kifuani. Hakuumwa kwa muda mrefu. Tulimzika kando ya Mama Rahabu, na tukatuma habari kwa Yunisi kwa lori la kwanza lililoweza kupita. Kumbe habari ilipokuwa inateremka, Yunisi alikuwa anapanda.

Watasema alikataa kuhama. Nilimwita kwangu, akala, akarudi kwao. Kwa hiyo nilikwenda kila siku kumpelekea chakula na kufagia. Siku moja, nikiwa ndani nakunja mablanketi ya marehemu, nikamsikia anabweka. Alibweka vile alivyobwekea watu.

Nikatoka na ufagio mkononi. Ukungu ulikuwa umetanda hata lango sikulioni. Nikafuata bweko. Yunisi alikuwa amesimama nje ya fito, mtoto sasa anasimama mwenyewe amemshika sketi, na alikuwa anatabasamu. Alitabasamu kwa sababu mbwa alikuwa anabweka, na mbwa akibweka mwenyeji yupo. Alinisalimu upesiupesi, macho yake yakiwa nyuma yangu, njiani, akimngoja anayekuja.

Sikuweza kusema, "Karibu, huyu hana meno." Baba yake aliahidi kwamba lango lile atalifungua mwenyewe, na nililifungua mimi. Aliponitazama usoni akaelewa, akakaa pale pale kizingitini. Watasema akamjia, akaweka miguu yake yenye tope juu ya nguo yake safi. Mtoto hakumwogopa hata kidogo. Alilishika lile sikio lililolala, akalivuta, akacheka.

Ndiyo habari yenyewe. Fanueli, najua kiatu kilikuwa kipya. Kesho huyu mshenzi atatafuna kingine, nami nitamtukana mpaka majirani wasikie. Lakini shule itafunguliwa, ninyi mtapanda basi, na nyumba hii itabaki na mimi na yeye. Nitamlalamikia mchana kutwa. Akibweka, nitaacha sufuria motoni nitoke, maana huenda mmoja wenu amekumbuka njia. Usimrushie tena kitu. Mfukuza mbwa asingoje mgeni.