Mhunzi Senkondo na Chuma cha Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Chuma?

Cha mhunzi.

Uvundo?

Wa zimwi.

Haya, sogeeni. Na anayetafuna muhogo aumalize kwanza, maana hadithi hii inachafua tumbo.

Hapo kale palikuwa na mhunzi aitwaye Senkondo. Alifua mashoka kwenye banda nyuma ya nyumba yake, na mkewe, Namkunda, ndiye aliyevukuta moto. Kila shoka alilitia alama ya mikato mitatu karibu na tundu la mpini. Chuma alikipata kwa kuyeyusha mchanga mweusi wa kijito cha mlimani, safari ya siku mbili kwa miguu. Basi ukafika wakati akachoka kuufuata.

Siku moja alasiri, zimwi likaja bandani. Mate mazito yalining'inia hadi kifuani, na nzi walitembea juu ya meno yake. Likasema, "Mhunzi, tandika majani, nikupe chuma."

Senkondo akatandika majani ya mgomba. Zimwi likainama, likakohoa, likatapika bonge la chuma lenye ute wa kijani na nywele nywele. Kisha likajilaza pale pale, likasinzia kinywa wazi.

Namkunda akaziba pua. "Mume wangu, kitu hiki kinanuka."

"Moto husafisha," Senkondo akajibu.

Basi wakafua. Mashoka yakatoka mazuri kuliko yote ya zamani. Watu wakaja kuyachukua, wakaenda nayo msituni kukata miti ya kujengea. Lakini Namkunda alisugua mikono kwa majivu, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa ndimu, harufu isitoke. Alipomega ugali aliuona kama ule ute. Akaurudisha.

Zimwi likaja mara ya pili. "Mhunzi, tandika majani, nikupe chuma." Likatapika. Safari hii ndani ya ute mlikuwa na mkanda wa ngozi uliotafunwa nusu.

"Mume wangu, kitu hiki kinanuka. Na huu ni mkanda wa mtu."

"Ngozi ya mnyama tu hiyo. Moto husafisha."

Likaja mara ya tatu. "Mhunzi, tandika majani, nikupe chuma." Likatapika, likalala. Namkunda akaokota kijiti, akakwangua ute. Ndani mlikuwa na shoka zima, na juu yake mikato mitatu.

"Mume wangu," akasema, "hili ni shoka la Kilave. Mkato wa tatu ulipinda siku uliyomfulia, nakumbuka."

Kilave alikuwa jirani yao. Alikwenda msituni wiki mbili nyuma, na mkewe alipita kila asubuhi kuuliza kama kuna aliyemwona.

Senkondo akafungua kinywa aseme moto husafisha. Badala yake akapitisha kidole juu ya ile mikato.

"Sisi tunawapa watu mashoka," Namkunda akasema. "Wanakwenda msituni, hili linawameza, kisha linatuletea chuma tufue mengine. Nimekuwa nikiosha harufu ya watu, Senkondo. Kwenye mikono hii."

Senkondo akainama nyuma ya fuawe alilofulia chuma, akatapika mpaka nyongo. Alipojifuta, akachukua shoka zito kuliko yote, akalipiga zimwi tumboni pale lilipolala. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, tumbo likapasuka.

Watu wakatoka, wazima. Walitoka wakiteleza kama kambare, nywele zimepukutika, ute ukiwachuruzika masikioni. Namkunda aliona kinyaa, lakini akawashika mikono mmoja mmoja, akawavuta, akawamwagia maji. Kilave alitoka wa mwisho.

"Hukujua?" Kilave akamwuliza Senkondo.

Senkondo akatazama chini. "Nilinusa," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilinusa."

Kilave akatema mate, akaenda kwa mkewe.

Basi Senkondo akapita nyumba kwa nyumba akiyakusanya yale mashoka ya chuma cha zimwi. Akachimba shimo, akayazika pamoja na mzoga, na hakuna aliyemsaidia. Nyumbani Namkunda alimpikia, ila hakula naye chombo kimoja. Akaishika tena njia ya mlimani, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Mchanga wa miezi miwili ulitosha shoka moja.

Akalipeleka kwa Kilave, amelishika kwa mikono miwili. Kilave akaligeuza, akalinusa upande huu, akalinusa upande ule. Akampa mkewe, naye akalinusa. Kisha Kilave akalipokea, akaenda kulitafutia mpini.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Kilave. Pua yako ikikuambia kitu kimeoza, usiinyamazishe kwa sababu kitu hicho kinakufaa.