Kindi, Nyani na Kikapu cha Mwalimu Pimbi

"Hadithi, wanangu, hadithi!"

"Na ije!"

"Ije imekaa, au ije inaruka?"

"Ije inaruka!"

Basi iliruka hivi.

Palikuwa na Kindi, mwanafunzi wa timu ya hesabu katika shule ya Mwambani. Kindi hakujua kutulia. Akikaa, mguu tiki-tiki-tiki. Akisimama, mkia fyu-fyu-fyu. Walimu wengine walimtoa nje. Mwalimu Pimbi, aliyeifundisha timu, hakumtoa. Alimwambia, "Kama hesabu haikuingii ukiwa umekaa, itembee." Kindi akaitembea, akarudi na jibu. Kila jioni walimu wenzake walipokwenda malishoni, Mwalimu Pimbi alibaki na timu, chaki imemjaa puani, akiuliza lile lile: "Jibu nimelisikia. Njia iko wapi?"

Sasa Mwalimu alikuwa anahama. Shule ya mlima wa pili ilimwomba, na jua likigusa mwamba angeondoka. Ndipo timu ilipokumbuka, kwa aibu, kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Wanafunzi wanane, kila mmoja akachuma zambarau nne. Kindi na mwenzake wa timu, Kanga, wakatumwa kupeleka kikapu.

"Kanga, kaza mwendo! Jua linashuka!"

"Nakaza! Wewe ukiruka, kikapu kinanigonga kichwa!"

Puuu! Nyani akatua katikati ya njia, kifua kama ngoma.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba. Leteni kikapu."

"Ni cha mwalimu wetu, mzee. Anaondoka leo."

"Aondoke salama. Leteni kikapu."

Kindi akalitazama jua. Mguu tiki-tiki-tiki.

"Haya, chukua, mzee. Ila huyu Kanga ana tabia ya kumeza njiani. Hesabu kwanza, usije ukapunjwa."

"Nani, mimi?" Kanga akafoka. Kindi akamkanyaga.

"Nipunjwe mimi?" Nyani akanguruma. "Hakuna kuondoka! Nahesabu!"

Akakunja ngumi. Kindi akatoa zambarau, akaiweka chini.

"Moja!" Kindi akaita. Nyani akanyoosha kidole, ta!

"Mbili!" Ta!

Kumi ilipofika, mikono ikaisha.

"Miguu, mzee."

Nyani akaketi, akainua miguu juu. Ta! Ta! Ta! Ishirini ikafika, miguu ikaisha.

"Ishirini na moja!"

Nyani akatafuta kidole. Hakukiona.

"Mkia, mzee."

Mkia ukasimama wima.

"Ishirini na mbili!"

"Sasa ninyooshe nini?"

"Ulimi, mzee."

Ulimi ukatoka, bwee!

"Ishirini na tatu!"

Nyani hakuwa tena na cha kunyoosha. Kindi akarudisha zambarau kikapuni, moja moja, kwa adabu.

"Usikunje hata kimoja, mzee. Ukikunja, tunaanza upya, na Kanga ana njaa."

"Ehe! Ehe!" Nyani akalia, ulimi nje, vidole vimetanuka kama miiba.

Pururu! Pururu! Kindi na Kanga wakatimua mbio.

Mwalimu Pimbi alikuwa amefunga mzigo, mguu mmoja tayari nje. Kindi alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Akaiacha yote, akanyoosha kikapu.

"Mwalimu," alisema, "ahsante."

Na mguu wake, kwa mara ya kwanza, ukanyamaza.

Mwalimu akakitazama kikapu. "Ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Njia iko wapi?"

"Wanane mara nne, Mwalimu. Halafu ile ya kupitia kwa Nyani."

Akaeleza. Mwalimu akacheka mpaka chaki ikaruka puani, kisha akafuta macho, akasema ni hiyo chaki tu.

Alipoondoka alishika njia ile ile. Nyani alikuwa bado ameketi, ulimi mkavu. Mwalimu akachora mistari miwili mchangani.

"Kila kumi, mstari mmoja. Sasa kunja vidole, mwanangu."

Akamwekea zambarau moja ulimini. Nyani akakunja, akameza, akafikiri. Asubuhi yake, huko mlima wa pili, aliyewahi dawati la mbele alikuwa yeye.

Hadithi yangu imeruka, imechoka, imeketi.

"Na funzo lake?"

Funzo, wanangu, ni kwamba mwanafunzi mwema hutulia tuli. Siku ile, nani alitulia kumshinda Nyani?